Mtani wa Mheshimiwa Waziri

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba katika nchi yetu hakuna kilichoharibika. Mambo yote yako sawa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wakubwa wana tabia ya kusoma mwanzo na kuacha, na mimi nina mke na kazi, na ningependa kubaki navyo vyote viwili. Jina la nchi sitalitaja. Mkiitambua, shauri yenu.

Mimi naitwa Mbwana Kidege, karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Maendeleo ya Haraka. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa mikutanoni. Siyafikirii, nayaandika tu. Nina mwandiko mzuri sana, hata wasionipenda wanakiri.

Zamani mji wetu wa Bondeni ulikuwa na mfumo wa uchumi ambao hatukujua kwamba ni mfumo. Wanawake walikaa barazani wakasuka majani ya ukindu kuwa ukili, wakaushona ukawa mkeka, huku wakisengenya. Mkeka ukiisha uliuzwa, au alipewa mwenye harusi, au mwenye msiba, maana kwetu mtu huzaliwa juu ya mkeka na hutolewa nyumbani juu ya mkeka. Shamba likimshinda mwenyewe, majirani walikuja na majembe yao wakalima, naye akawapikia. Wataalamu waliokuja kutuchunguza walishtuka. Waliandika katika ripoti yao kwamba watu wa Bondeni hufanya kazi siku nzima bila kujua kama wako kazini.

Ndipo tukaletewa Kiwanda cha Taifa cha Mikeka. Kina bomba la moshi refu kuliko mnara wowote, na ndani kuna Mtambo mmoja wenye rola mbili za chuma, kila moja nene kama pipa. Mkanda mpana wa mpira hupeleka ukindu kwenye rola, rola zinavuta, zinabana, na upande wa pili unatoka mkeka. Mtambo huo ulitengenezwa katika nchi ya baridi ambako watu hukaa kwenye viti. Mkeka hawaujui, lakini walitusaidia.

Mwanzoni kiwanda kilikuwa cha wananchi. Baada ya miezi mitatu mfumo ukabadilika, kikawa cha mwekezaji. Kisha ukabadilika tena, kikawa cha ubia, maana yake wananchi wanashiriki na mwekezaji anakuwa nacho. Kibao cha langoni hakikutupwa, kwa kubana matumizi. Upande mmoja kimeandikwa MALI YA WANANCHI, na upande wa pili WANANCHI HAWARUHUSIWI KUINGIA. Upepo ukivuma kinageuka, na kila mtu husoma kilichomwangukia.

*

Waziri wetu wakati huo alikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Lusonge. Kwa asili ni mtu wa Mlimani, ng'ambo ya mto, lakini alichukuliwa kwenda nchi ya baridi akiwa na miaka sita, akarudi akiwa na miaka hamsini na shahada nne. Alikuwa mtu mwema. Hakuiba kitu. Alitaka maendeleo kama mgonjwa anavyotaka maji.

Wale waliotuletea Mtambo walitoa sharti moja tu, kwamba wananchi washirikishwe. Basi ikatungwa Sheria ya Serikali Sikivu, na mimi nikakabidhiwa vitabu viwili. Cha kijani ni Kitabu cha Malalamiko. Hicho kina kufuli, na ufunguo umehifadhiwa ndani ya kitabu chenyewe ili usipotee. Chekundu ni Kitabu cha Mapendekezo ya Wananchi, na lolote litakaloandikwa humo sharti litekelezwe ndani ya siku arobaini, bila kupunguza wala kuongeza. Nilipouliza nitatofautishaje lalamiko na pendekezo, nikaambiwa ni rahisi. Lalamiko husemwa kwa uchungu. Pendekezo husemwa kwa uchangamfu.

Sasa inanibidi nieleze utani. Nyinyi mnaujua, ila kuna wakubwa watakaoipitia habari hii.

Watu wa Bondeni na watu wa Mlimani walipigana miaka mingi kwa ajili ya ule mto. Waliuana hadi wakachoka kuchimba makaburi. Siku moja babu zetu wakakutana kivukoni wakaapa kwamba kuanzia hapo hawauani tena, watatukanana tu. Huo ndio utani. Mtani wako akikuita mwizi wa kuku mbele ya wakwe zako, huna ruhusa ya kununa. Unachoweza ni kumrudishia kubwa kuliko lake. Na ukifa, mtani ndiye anayechimba kaburi lako, na kabla hujashushwa huingia yeye kwanza, akalala chali, akasema analijaribu kama linatosha. Hatoki mpaka apewe chochote, hata kuku. Watu hucheka huku wanalia. Kwetu hakuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Na mtani bingwa wa Bondeni nzima alikuwa shangazi yangu, Bi Somoe binti Kibwana, dada wa marehemu baba yangu, msuka mikeka. Yeye ndiye aliyenilea. Ulimi wake ulijulikana pande zote mbili za mto. Kwenye misiba ya Mlimani walikuwa wanamfuata kwa gari.

*

Mkutano wa kwanza wa kushirikisha wananchi ulifanyika uwanjani, mbele ya kiwanda. Mheshimiwa Waziri alieleza kwa masikitiko kwamba wafanyakazi wanachelewa. Wengine wanapitia kwa wagonjwa, wengine wanasalimiana njiani, na mmoja alichelewa siku nzima kwa sababu mkewe alikuwa anajifungua, jambo ambalo lilijulikana miezi tisa kabla na lingeweza kupangwa.

Shangazi akasimama, kanga kiunoni.

“Mtani!” akaita. “Ewe mla panya wa Mlimani!”

Watu wakaanza kucheka kabla hajasema, maana walimjua.

“Unajisumbua nini, mtani? Si utuhamishie vitanda humo humo kiwandani, tulale na Mtambo wako! Waume zetu hawa wametuchosha. Huenda huo unakoroma kwa adabu.”

Uwanja mzima uliangua kicheko. Wanaume walicheka kwa kujilazimisha kidogo. Ila Mheshimiwa hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeguswa moyoni, akanigeukia.

“Karani, umeandika?”

“Naandika, Mheshimiwa.”

Niliandika hivi: Mwananchi mmoja (mke) alipendekeza kwa uchangamfu vitanda vihamishiwe kiwandani. Neno mtani nililiacha kwa sababu ya ufinyu wa nafasi. Panya pia.

Siku ya thelathini na nane yalikuja malori. Vitanda vyote vya Bondeni vilibebwa, vya mninga, vya kamba, hata kile ambacho bibi harusi wa jana alikuwa bado hajakizoea. Vikapangwa ndani ya kiwanda safu kwa safu. Zamu zikawa tatu na kila kitanda kikawa na walalaji watatu, mmoja akiamka mwingine anajilaza, na shuka halipati nafasi ya kupoa. Mume akawekwa zamu ya kwanza na mke zamu ya pili, ili wasipotezeane muda. Walikutana langoni wakipishana, wakainamiana vichwa kama watu waliowahi kusoma shule moja. Jirani yetu Shomari ana mtoto wa miaka mitatu ambaye akiulizwa jina la baba yake husema, “Zamu ya Kwanza.”

Mheshimiwa alizindua vitanda hivyo kwa hotuba.

“Ndugu wananchi,” alisema, “nchi zilizoendelea zilichukua miaka mia mbili kumtoa mtu nyumbani kwake. Sisi tumetumia asubuhi moja. Na hatukuwalazimisha. Mlisema wenyewe!”

Mtaniuliza, shangazi alisemaje? Alicheka hadi akashika mbavu. Nilimkuta barazani, nyumba tupu nyuma yake, anajifuta machozi.

“Huyu mtani ni kiboko, Mbwana!” aliniambia. “Amenirudishia. Kabeba vitanda vya mji mzima! Tangu nizaliwe sijapata kujibiwa hivi. Sasa na mimi lazima nimtafutie kubwa zaidi.”

Nilitaka kumwambia kwamba yule hakuwa anamjibu. Lakini nilikuwa na haraka ya kurudi ofisini, na jambo lenyewe lilikuwa gumu kulieleza kwa kusimama.

*

Mkutano wa pili ulihusu kelele. Wataalamu walipima wakagundua kwamba mfanyakazi wa Bondeni hutumia theluthi ya zamu yake kuzungumza. Kuulizana habari za nyumbani peke yake, yaani watoto, wazee, miguu ya wazee na mbuzi, kulikuwa kumeigharimu nchi mikeka elfu nne.

“Mtani,” shangazi akasema, na watu wakamsogelea wapate uhondo, “kosa ni la hizi ndimi zetu. Basi tuziache langoni kama viatu msikitini. Tukitoka kila mtu anachukua ulimi wake, na wewe utafute mkubwa uukimbie nao!”

Watu walicheka, lakini si wote. Wapo waliokuwa wameanza kunitazama mkono.

Pendekezo lile liliisumbua Wizara. Kamati ya madaktari ilikaa siku kumi ikathibitisha kwamba ulimi hauachiki langoni ukabaki na manufaa. Mheshimiwa alisikitika sana kwamba ingebidi kupunguza kidogo katika sauti ya wananchi. Mwishowe vikaagizwa vibanio vya nguo, vya mbao, vyenye nembo ya Taifa. Mfanyakazi akifika langoni anabanwa midomo na kupewa kipande cha bati chenye namba ya ulimi wake. Zamu ikiisha anarudisha bati na kubanduliwa. Faida ilionekana wiki ile ile. Kiwanda kikawa kimya, kinasikika chenyewe tu, na mikeka ikafurika ghalani. Ikawa mingi kuliko watu wenye nafasi ya kuikalia.

Safari hii shangazi hakucheka. Nilimwona langoni akisubiri zamu yake ya kubanwa. Alikuwa anamtazama Mheshimiwa, aliyesimama pembeni akipongeza watu, kama anayetafuta usoni mwake japo alama ndogo ya mzaha. Hakuiona. Kibanio kilipomgusa alifumba macho.

Mwezi uliofuata rola zilichukua vidole vya Shomari, vitatu, vya mkono wa kulia. Alikuwa amesinzia, na aliyesimama karibu aliona hatari inakuja, lakini ulimi wake ulikuwa langoni. Alipiga makofi. Shomari akadhani anapongezwa.

Mtambo ulikwama nusu siku. Mheshimiwa akaja mbio akiwa amekunja uso, akaitisha mkutano wa tatu pale pale kiwandani, wafanyakazi wakabanduliwa vibanio kwa saa moja ya ushirikishwaji. Aliuliza mara mbili kwa nini Mtambo ulikwama. Kuhusu vidole hakuuliza. Si kwa ubaya. Vilikuwa havimo katika ajenda.

Shangazi akainuka. Hakuwa na kanga kiunoni. Nilijua amekasirika, na nilijua kwamba mtu wa Bondeni hana njia nyingine ya kumwonyesha mtu wa Mlimani hasira yake isipokuwa ile tuliyoapiwa na babu zetu.

“Mtani,” alisema, “Mtambo wako una njaa. Umeonja vidole vya Shomari ukanogewa. Basi upe mtu mzima ushibe, utulie. Nichukue mimi. Nyama yangu ngumu, itaushughulisha wiki nzima.”

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alimvuta nguo. “Somoe, kaa chini! Kaa chini, dada!”

Mheshimiwa machozi yalimlengalenga. “Uzalendo wa namna hii,” akasema, “sijauona hata huko nilikosomea.” Kisha akanigeukia.

Nikaandika, na mwandiko ulibaki mzuri. Pendekezo Namba Tatu. Mwananchi mmoja (mke) amejitolea.

*

Barua ya pongezi ilimfikia shangazi baada ya siku tano. Ilimshukuru kwa mchango wake wa mwili na ilimjulisha kwamba utekelezaji utafanyika siku ya kutimiza mwaka wa kiwanda, saa nne asubuhi, na kwamba afike akiwa amekula chakula chepesi.

Nilikimbia Idara ya Utekelezaji. Mkuu wake, Bwana Kasanzu, ni mtu mpole anayekunywa chai na tangawizi na kuwauliza watu habari za wazazi wao.

“Mzee,” nikamwambia, “pale pana makosa. Yule mama alikuwa anatania.”

“Alikuwa anafanyaje?”

“Anatania. Ni utani, mzee. Watu wa Bondeni na wa Mlimani.”

Alivuta Kamusi ya Wizara, akalamba kidole, akafungua. “Utafiti. Utandawazi. Utaratibu. Utawala Bora.” Akarudi nyuma kidogo, maana alikuwa mtu wa haki. “Utandawazi, halafu utaratibu. Katikati hapana kitu, ndugu yangu. Neno hilo halipo.”

“Basi tulifute pendekezo.”

“Linafutika,” akasema kwa furaha. “Pana fomu yake. Anajaza mpendekezaji mwenyewe baada ya utekelezaji.”

“Baada?”

“Kabla ya hapo tutajuaje kama lina madhara? Pendekezo hubatilishwa baada ya kutekelezwa. Mama mzazi hajambo?”

Nilitoka pale. Na mjini hofu ilikuwa imeshatangulia. Barua za pongezi huwa zinasomwa na wengi. Muuza samaki mmoja alisema sokoni kwamba joto hili litatuua, kisha akageuka rangi, akawa anamfuata kila mteja aliyemsikia kumweleza kwamba hakupendekeza. Mama mmoja alikuwa amezoea kumwambia mwanawe mchanga, “Nitakutafuna mashavu haya!” Siku hiyo alisema, akajiziba mdomo, akatazama kushoto na kulia, akaingia ndani na mtoto wake. Watani waliokutana njiani walisalimiana kwa heshima kama mahasimu. Sasa hata saa za mapumziko watu walijibana vibanio wenyewe, kwa hiari, na kuvibandua kwa kula tu. Wizara iliandika kwamba nidhamu ya kazi imepenya hadi majumbani.

Nami niliogopa. Nilikuwa naogopa nikila, naogopa nikitembea, naogopa nikiona wino. Kila mtu aliyeniona na kitabu chekundu alivuka barabara.

Nilikwenda kwa shangazi. Alikuwa barazani anasuka ukili kwa mkono, polepole, mkeka mdogo.

“Shangazi, kimbia,” nikamwambia.

“Nikimbilie wapi, mwanangu? Hata kitanda changu kiko kiwandani.” Aliuvuta ukindu kwa meno. “Naogopa, Mbwana. Mzaha mzaha hutumbua usaha, niliwaambia watoto wa watu miaka yote, mwenyewe sikusikia.” Akasuka kidogo. “Humo kitabuni uliniandika vipi?”

Nilimsomea yote matatu. Alisikiliza hadi mwisho.

“Na neno mtani liko wapi?”

“Nafasi ilikuwa ndogo, shangazi.”

Kisha akaniuliza kama siku yenyewe atapewa kusema. Nikamwambia sheria inaruhusu, mwananchi hanyimwi pendekezo hadi dakika ya mwisho.

“Basi siku hiyo uniandike lote,” akasema. “Kila neno. Na jina la ukoo wake uliweke.”

*

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Palikuwa na bendi, maturubai, na wageni wawili kutoka nchi ya baridi waliokaa kwenye viti. Wafanyakazi wa zamu zote tatu walipangwa kandokando ya Mtambo, midomo imebanwa, bati za namba shingoni. Shomari alikuwa mstari wa mbele na mkono wake wenye bendeji. Rola zilikuwa zinazunguka.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema mwaka mmoja uliopita tulikuwa watu wa kukaa chini, leo hatuna hata nafasi ya kukaa. Kisha, kwa kuwaheshimu wageni, akatangaza zawadi. Leo Serikali haitasubiri siku arobaini. Lolote litakalopendekezwa na mwananchi litatekelezwa papo hapo, bila kupunguza wala kuongeza! Wageni wakapiga makofi. Mafundi wawili wa utekelezaji, wenye makoti meupe, wakasimama kwa utii.

Shangazi akaletwa. Alivaa kanga mpya. Wakambandua kibanio ili aage. Uso wake ulikuwa umekauka kwa woga.

“Mtani,” akasema. “Lusonge, mwana wa Mlimani, ukoo wa wala panya.”

Niliandika. Mtani. Lusonge. Mlimani. Panya.

“Mimi leo nakufa, na wewe ndiye mtani wangu. Desturi ni kwamba kaburi la mtani hujaribiwa na mtani. Kaburi langu ndilo hili. Basi ingia wewe kwanza, ulale chali, uone kama linanitosha.”

Niliandika kila neno kwa mwandiko mzuri, nikaweka nukta, nikamwonyesha fundi mkubwa. Alisoma. Akamwonyesha mwenzake. Wakamwendea Mheshimiwa Waziri, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakamwinua kwa adabu.

“Hapana,” Mheshimiwa akasema. “Ngojeni kwanza. Hapana, huyu mama...” Walikuwa wameshamlaza juu ya mkanda, chali kama ilivyoandikwa, na mkanda ulikuwa unakwenda. Ndipo likamtoka neno ambalo sidhani kama alilitamka tangu akiwa na miaka sita mgongoni mwa bibi yake.

“Anatania! Jamani, anatania! Mtani wangu, si unatania? Waambieni!”

Akawageukia wafanyakazi. Watu mia tatu walimtazama juu ya vibanio vyao. Hakuna aliyesogeza mkono kukibandua, kwa kuwa kubandua kabla ya kengele ni kosa. Nilisikia pumzi zao zikipita puani.

Pale palikuwa na mtu mmoja tu wa Bondeni mwenye mdomo wazi, mbali na shangazi. Makarani hatubanwi.

“Karani!” akapiga kelele. “Wewe ni wa hapa! Waambie utani ni nini!”

Mafundi wakanitazama. Wageni wakanitazama. Na mimi, kwa sauti ambayo hadi leo sijui niliitoa wapi, nikajibu:

“Mheshimiwa, neno hilo halipo kwenye Kamusi ya Wizara.”

Mkanda ukaendelea. Zilibaki hatua nne. Mheshimiwa alianza kulia kama mtoto, akimwita bibi yake kwa kilugha cha Mlimani.

“Basi!” shangazi akapaza sauti. “Mtoeni! Mtani hauawi! Mbwana, andika, nimelifuta!”

“Pendekezo hubatilishwa baada ya kutekelezwa,” nikasema.

Naapa sikukusudia kusema vile. Mdomo ulijibu wenyewe. Shangazi alinitazama mara moja tu, kisha akarukia mkanda, mwanamke wa miaka sitini na tatu, akamshika Waziri makwapani akamvuta kwa nguvu zake zote. Wakaanguka sakafuni pamoja. Rola zikapata kiatu tu, cha kushoto. Zikakisaga, zikakohoa, na upande wa pili ukatoka mkeka wenye kiatu katikati, kisha Mtambo ukazima.

Walikaa pale chini, Waziri ameficha uso katika kanga ya shangazi.

“Nyamaza, mla panya,” shangazi akamwambia, huku na yeye analia. “Nyamaza. Na hicho kiatu cha pili nakichukua. Sitoki bure kaburini kwako.”

Akamvua kiatu. Mheshimiwa akaanza kucheka, kicheko kibaya cha mtu asiyezoea. Nyuma yangu nikasikia watu mia tatu wanacheka kwa pua.

*

Mambo yote sasa yako sawa. Wageni walisifu ushirikishwaji. Mkeka wenye kiatu umewekwa makumbusho. Mheshimiwa Lusonge alistaafu kwa sababu za kiafya, amerudi Mlimani, na nasikia anahudhuria misiba. Waziri mpya ametoka mbali, hana mto wala ng'ambo, na hakuna mtu nchini ambaye ni mtani wake. Vibanio vimebaki, na vitanda vimebaki, kwa sababu fomu za kubatilisha zimekwisha na hakuna aliyependekeza zichapwe nyingine. Kupendekeza watu wanaogopa.

Shangazi hatanii tena. Nilimwendea baada ya wiki, nikamkuta barazani na ule mkeka mdogo. Kile kiatu alikuwa amekiweka dirishani. Nilimwomba radhi. Nilimweleza kwamba mimi ni karani tu, na kwamba Waziri ndiye aliyeyachukulia maneno yake kuwa kweli.

Aliendelea kusuka hadi mwisho wa safu.

“Yule hakujua,” akasema. “Wewe ulijua, Mbwana. Mara zote tatu ulijua. Mbona uliandika?”

Nilitazama chini, nikaona mkono wangu umeshafungua kitabu chekundu kwenye ukurasa mpya, na umeanza kuandika swali lake.